Divai Iliyofunguliwa Kabla ya Mgeni

Jumapili, Bagira, hapa Bukavu. Mvua ilianza baada ya misa na mpaka sasa haijaamua kuondoka. Umeme upo, jambo la kushangaza, lakini leo sina hamu nao. Mezani kuna glasi mbili za divai. Moja yangu, moja ya mgeni ambaye ameshaenda. Zote zimejaa.

Nimekaa nazitazama tangu alipotoka.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kuwatembeza watu kwenye mashamba ya mizabibu ambayo sijawahi kuyakanyaga. Bosi wangu ni mama Mkongomani anayeishi Ubelgiji, ana ofisi ndogo ya safari. Yeye anatafuta wageni, mimi nawaandikia programu kwa Kifaransa, hapa hapa sebuleni. Ureno, mtapanda ngazi za mashamba juu ya mto Douro, vaeni viatu visivyoteleza. Georgia, mtaonyeshwa divai inayolala ndani ya mitungi iliyozikwa ardhini. Ajentina, mizabibu inanyweshwa maji ya theluji ya milimani, beba sweta hata kama jua linawaka. Nayajua haya yote vizuri kuliko njia ya kwenda sokoni. Mbali kabisa nilikofika mimi ni Minova, kwenye ziwa letu hili hili, kwa boti, na nilitapika safari nzima.

Divai yenyewe sijawahi kuinywa. Kanisani anakunywa padri.

Majuzi mzee mmoja na mke wake walirudi kutoka Italia wakamkabidhi bosi chupa nyekundu, "ya yule mama aliyetuongoza". Masikini, walidhani nilipita kila kilima nilichowaandikia. Chupa ikasafiri mkono kwa mkono mpaka ikanifikia imeviringishwa ndani ya sweta. Niliiweka juu ya kabati, karibu na picha ya Deo.

Deo ni mume wangu. Alifariki mwaka jana, kwa tumbo, ugonjwa wa siku chache tu. Na hapa kwetu mtu akiondoka hivyo, watu hawaulizi alikuwa anaumwa nini. Wanauliza alikunywa kwa nani, yaani nani alimtilia sumu. Deo alikuwa amekunywa nyumbani, kwa mkono wangu, kama siku zote. Hakuna aliyenitamkia kitu usoni. Matanga yaliisha, ndugu zake wakapanda kurudi Mudaka, na hakuna hata mmoja aliyerudi kunijulia hali. Hatukujaliwa mtoto ambaye angewaleta. Kuna siku sauti pekee ninayoisikia ndani ya nyumba hii ni yangu, nikisoma programu kwa sauti ili nijue kama sentensi zinakwenda vizuri. Nawakaribisha watu wa dunia nzima kwenye meza zilizoandaliwa, halafu nakula wali nimesimama jikoni.

Basi wiki hii Yaya Nsimire, dada mkubwa wa Deo, na dada mkubwa kwetu ni yaya, akapiga simu. "Aline, dimanche kisha misa nitakuya kukusalimia." Maneno hayo tu. Nilikata simu nikalia mpaka nikajichoka.

Nilijua maana yake. Yaya Nsimire ni mtu anayesikilizwa kule. Akinywa kwangu, akarudi Mudaka akasema nilikunywa kwa Aline, yale maneno yanakwisha na mimi nakuwa mtu wa ile familia tena. Nikasema, siku hii ndiyo ya chupa.

Na hapo ndipo ujinga wangu wa programu uliponiponza.

Kila safari ninayoiandika ina mstari uleule: divai nyekundu ifunguliwe mapema, imiminwe kwenye jagi, iachwe ipumue. Nimeuandika mstari huo mpaka nauamini kama Baba Yetu. Nilipotoka misa ya kwanza nikaanza kuifungua. Kizibuo sina, nikasukuma kizibo kwa mpini wa mwiko, kikatumbukia ndani na kuacha makombo yanaelea. Nikaichuja kwa chujio cha chai ndani ya jagi la kioo. Nikaiweka mezani, nikarudi nyuma kuitazama, nikaona inapendeza. Nilijisifu kabisa.

Mtu yeyote wa Bukavu anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kwetu chupa inafunguliwa mbele ya mgeni. Hata baa, mhudumu anakuletea imefungwa, unaitazama, ndipo anaing'oa kifuniko. Na kikiwa kinywaji kisicho na kifuniko, mwenye kutoa anaonja kwanza, kisha anakupa. Si tusi kwa mtu. Baba yangu alimwonjea hata paroko.

Mimi nilizaliwa hapa. Nilisahau vipi?

Yaya alifika amelowa mabega, na bidoni, kidumu kidogo cha njano, mkononi: kasiksi, ile pombe ya ndizi, aliyoitengeneza mwenyewe. Hakukaa kwanza. Aliomba kikombe, akamimina, akanywa, akanipa. Nikanywa mpaka chini bila kufikiri lolote. Ilikuwa tamu na kali kidogo, kasiksi ya kule kwao. Nilijisikia nimerudi nyumbani.

Kisha nikamimina ya kwangu, glasi mbili. Akatazama jagi.

"Hii iko nini?"

"Iko divai, Yaya. Ilitoka Italia."

"Na chupa yake?"

"Iko mu cuisine," nikasema nikionyesha jikoni.

"Uliifungua juu ya nini mbele sijafika?"

"Juu ipumue."

"Divai inapumuaka?"

Nilicheka. Nikaanza kumweleza hewa na harufu, kama ninavyowaeleza wageni, na kadiri nilivyoeleza nikamwona anazidi kulikazia macho jagi. Ndipo nilipojua nilichokifanya.

Dawa ilikuwa rahisi. Kuinua glasi yangu na kunywa, basi. Mkono wangu ulikuwa tayari umeishika.

Sikunywa.

Najua kwa nini, na nitasema. Nilitaka aanze yeye. Nilitaka mtu mmoja wa familia ile anywe kwangu bila kunitazama kwanza, mara moja tu, ili nijue kwamba hawaamini yanayosemwa. Nilimpikia mdogo wake miaka yote ile. Nikaona nikionja, nitakuwa kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu. Kiburi kikanifanya niiachilie glasi.

Tukakaa. Tukazungumza mvua, maharage, goti lake. Hakuisukuma glasi mbali. Aliivuta karibu, akaizungusha mezani kwa vidole, na macho yake hayakuwa kwenye glasi yake. Yalikuwa kwenye yangu. Mara kwa mara, katikati ya habari za maharage, alikuwa anaitazama ya kwangu. Mimi nilidhani ananipima.

Mwishowe akasema, "Mimi sitaweza, Aline. Niko na dawa za tension, muganga alinikataza."

Sikumuuliza mbona na presha hiyo kasiksi aliinywa. Akavaa kitenge chake kichwani. Mlangoni alinishika mkono na kuukawiza. "Bakia muzuri," akasema, akashuka na mvua yake.

Nimefunga mlango nikamkasirikia. Nikawakasirikia wote, na Deo pia, kwa kuniacha na watu wake. Halafu nimekaa hapa na glasi hizi, na taratibu kile kikombe cha kasiksi kikanirudia. Yeye ambaye hakuna anayemsema lolote alinywa kwanza, kwangu mimi, bila kuombwa. Alinionyesha njia nzima, kisha akakaa muda wote ule akisubiri niifuate. Hakuwa ananipima. Alikuwa ananingoja.

Sina hakika. Huenda naye aliogopa tu. Huenda leo usiku wanaambiana kwamba Aline alileta kitu chekundu kwenye jagi na chupa hakuionyesha. Nikiwaza hivyo natamani kujifunika shuka na nisitoke tena.

Nimekunywa glasi yake. Si yangu, yake. Nimesema "Karibu, Yaya," kwa sauti, nikanywa yote. Ina uchachu, inakausha ulimi, na hakuna harufu yoyote kati ya zile nilizowaahidi watu. Nimeionja sasa, na mbele yangu kuna kiti kitupu.

Nilipopeleka glasi jikoni nimekuta bidoni yake ya njano, kasiksi imeisha, karibu na beseni. Ameisahau au ameiacha, sijui. Ila najua kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

Kesho bosi anasubiri programu ya Ajentina. Atasubiri. Asubuhi naijaza bidoni hii kwa divai iliyobaki, napanda Mudaka, nitaomba kikombe kabla sijakaa, na nitakunywa kwanza, wote wakinitazama.