Nukta Chini ya Swali la Binti Yangu

S.L.P. 114,
Nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Bibi Mbona,

Nakuita kwa jina alilokupa marehemu baba, kwa kuwa nimebaki peke yangu wa kukuita hivyo. Hujambo? Magoti yako yanaelewana na ngazi za nyumba yenu? Shemeji hajambo, na kikohozi chake kimekwisha? Nijibu moja baada ya jingine, usinijumlishie kwa "sote wazima" kama ulivyofanya mara ya mwisho. Huo si uzima, ni uvivu.

Sisi huku ni wazima kwa kiasi cha kuweza kuandika barua. Miwani uliyonitumia imefika salama. Inanikaa vizuri isipokuwa sikio la kushoto, ambalo wewe mwenyewe unajua lilipindaje. Ukuta wa nyuma ulioanguka wakati wa mvua umejengwa upya, nao umelala kidogo upande wa jirani. Nilipomwonyesha fundi alinijibu, "Mzee, huu ni ukuta, si ukurasa." Nikamlipa.

Utaniwia radhi kwa mwandiko. Sipo mezani pangu. Nimekaa kwenye benchi la hospitali, ghorofa ya pili, nje ya wodi ya wazazi. Karatasi iko juu ya Biblia, na Biblia iko juu ya magoti. Binti yangu, mwanao, yumo ndani. Mimba ina miezi minane. Shinikizo la damu limepanda tangu Ijumaa, miguu imevimba, na daktari amesema hakuna kungoja tena: atapasuliwa leo saa nane mchana. Sasa ni saa tatu na robo asubuhi.

Unazikumbuka zile mimba mbili zilizoharibika. Kwa sababu hiyo, safari hii wifi yako amekataa kununua hata soksi. Mara mbili alikunja nguo ndogo kabatini, mara mbili akazigawa kwa watu. Amesema mikono yake haitakunja mara ya tatu.

Barua hii itakapokufikia, jambo litakuwa limekwisha kuamuliwa. Ningeweza kukupigia simu, lakini sauti yangu leo siiamini. Tena ninalo la kukiri, nami kukiri kwa mdomo sikufundishwa. Binti yangu yuko hatua ishirini kutoka hapa, na hataki kunitia machoni.

Kosa ni langu. Nilieleze kwa utaratibu.

Mwezi uliopita mchungaji wetu alitangaza juma la maombi. Kila mtu aandike kwenye kikaratasi swali moja ambalo angemuuliza Mungu, asitie jina, tena aandike kwa herufi kubwa ili mwandiko wake usijulikane. Vikaratasi vyote vingebandikwa kwenye ubao wa matangazo, pale mlangoni. Mimi, mzee wa kanisa, sikulipenda jambo lile, lakini sikupinga. Nilisema tu kwamba hakiwezi kubandikwa kitu mlangoni mwa kanisa kabla ya kusahihishwa. Nikapewa kikapu chote.

Miaka thelathini na saba nimeishi kwa kalamu nyekundu pale kiwandani, na hilo unalijua. Nilivipitia vikaratasi themanini na vitatu kama kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa. Nilirekebisha hiki, nikanyoosha kile. Kimoja kikanisimamisha. Kilisema: MUNGU, ULIKUWA WAPI MARA ZILE MBILI, NA MARA HII UTAKUWA WAPI?

Mdogo wangu, sikujiuliza mara zipi mbili. Nilikata mstari katikati ya maneno yale, na pambizoni nikaandika: "Mungu hahojiwi. Andika upya, kwa adabu." Kisha nikashika kingine. Mtunza kanisa akavibandika vyote, na wino wangu mwekundu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asivibandike.

Jumapili ile binti yangu alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu kuliko watu wengine. Hakuimba. Tulipofika nyumbani hakuketi.

"Baba, lile lilikuwa langu."

Nilimjibu kwamba sikujua, kwamba herufi zilikuwa kubwa. Ndilo jibu nililolipata.

"Umesahihisha, Baba. Hukusoma."

Akaondoka na mumewe, yule fundi wa majokofu, na tangu siku hiyo salamu zangu zilipitia kwa wifi yako, zikirudi zimefupishwa. Juzi alipolazwa alimwambia mama yake, "Wewe ingia. Yeye abaki na kalamu yake."

Nisikufiche: mwanzoni nilikasirika. Nilimwambia wifi yako kwamba Maandiko yapo upande wangu, na kwamba nitamwonyesha binti yake orodha ya watu waliomhoji Mungu wakakemewa. Nikaketi na Biblia na daftari jipya, nikachora safu mbili: aliyeuliza, na adhabu aliyoipata.

Nilianza na Ibrahimu, aliyesimama mbele za Mungu na kumuuliza kama hakimu wa dunia nzima atawaua wema pamoja na waovu. Hakuuliza mara moja akaridhika. Alirudi, akarudi tena, akishusha hesabu ya watu kama mtu anayepatana sokoni. Adhabu: hakuna. Musa aliuliza kwa nini ametumwa ikiwa hali ya watu inazidi kuwa mbaya. Hakuna. Gideoni alikuwa amejificha akipura ngano, akamuuliza malaika: ikiwa Mungu yuko nasi, mbona yametupata haya? Badala ya kofi akapewa kazi. Habakuki aliuliza ni hadi lini, kisha akapanda mnarani kungoja jibu, kama anayedai haki yake. Nalo jibu likaja.

Nilipofika kwa Rebeka niliweka kalamu chini. Mwanamke mwenye mimba, watoto wanasukumana tumboni mpaka haoni sababu ya kuishi, akaenda mwenyewe kumuuliza Mungu kwa nini. Hakuna mzee aliyemzuia mlangoni.

Mwishowe nikampata Zakaria, kuhani mzee, aliyeuliza swali akafungwa ulimi miezi mingi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimpelekea wifi yako jikoni, kidole kikiwa juu ya mstari.

"Huyu hapa! Aliuliza, akawa bubu!"

Wifi yako hakugeuka. "Na mtoto alimpata, hakumpata?"

"Alimpata."

"Basi nenda kawe bubu, Baba Mkubwa wa Vitabu, ili binti yangu apate wake."

Nikarudi mezani, nikasoma habari za Ayubu. Siku zote nilimsoma kama mtu mvumilivu. Safari hii niliyahesabu maswali yake nikachoka. Wale marafiki watatu hawaulizi. Wao wananyoosha maneno yake, wanamwambia aseme kwa adabu. Mwisho wa kitabu hasira ya Mungu inawaka juu ya wale watatu, nao wanalazimika kumwendea Ayubu ili awaombee. Mbona sikuliona hilo kwa miaka yote hii? Wasahihishaji ndio waliokemewa.

Wala sikuthubutu kuligusa swali la mwisho katika daftari langu, lile lililoulizwa msalabani na Mwana mwenyewe. Hilo nani angelikata kwa wino mwekundu?

Ipo kanuni moja ya kazi yetu ambayo huenda sikuwahi kukueleza. Msahihishaji haruhusiwi kubadilisha neno asilolielewa. Huweka alama ya kuuliza pambizoni, ukurasa ukarudishwa kwa mwandishi ili yeye aeleze. Kuuliza ndiyo heshima tuliyompa mwandishi. Kubadilisha bila kuuliza ndiko kulikokuwa utovu wa adabu. Niliwafundisha vijana kiwandani maneno hayo miaka nenda miaka rudi.

Na ipo alama nyingine. Ukikata maneno, kisha ukatambua kwamba yalikuwa sahihi na wewe ndiye uliyekosea, unaweka nukta ndogo ndogo chini yake. Maana yake: yabaki kama yalivyo. Mimi niliitumia mara chache mno. Binti yangu anaijua, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akikaa chini ya meza yangu akizichora zile nukta kwenye karatasi za kutupwa, akiziita "nyayo za siafu".

Leo saa moja asubuhi nilikwenda kanisani. Mtunza kanisa alikuwa akipiga deki.

"Mzee, yamebaki makosa tena?"

"Limebaki moja. Langu."

Alisogeza ndoo yake akanipisha. Nilikibandua kile kikaratasi, nikakiweka juu ya dirisha, nikatia nukta chini ya kila neno lake. Maneno yangu ya pambizoni nikayakata. Nukta hazikukaa kwenye mstari ulionyooka. Sikuzirudia.

Nimempa muuguzi hapa mlangoni, mama mmoja mnene mwenye macho makali, akakiingize. Imepita robo saa tangu aingie nacho. Mkwe wangu anapima ukumbi kwa miguu, ishirini na mbili kwenda, ishirini na mbili kurudi. Mbele yangu kuna tangazo la kunawa mikono lenye makosa matatu. Nimeyaacha. Roho yangu iko juu juu, mdogo wangu. Kila mlango ukilia nadhani ni habari mbaya.

Saa tano na nusu.

Muuguzi alitoka akasema, "Ni nani mwenye kalamu?" Nikasimama. "Mgonjwa anasema uingie, lakini kalamu ibaki nje." Mkwe wangu alicheka, kicheko cha kwanza tangu Ijumaa, akaipokea.

Sura yake imevimba hata sikumtambua mara moja. Kikaratasi kilikuwa juu ya shuka, chini ya kiganja chake. Nilikuwa nimeandaa maneno, yenye mwanzo na mwisho. Akaniwahi yeye, akaniuliza: "Baba, wewe ungemuuliza nini?"

Nina miaka sabini na mmoja na sijawahi kumuuliza Mungu swali. Nimemwomba, nimemshukuru, nimemsifu kwa sentensi zilizokamilika. Nikafumba macho nikasema kwa sauti, mbele yake na mbele ya wagonjwa wawili wa vitanda vya jirani, "Bwana, huyu ninaye mmoja tu. Utamrudisha?"

Akanibana vidole. Akasema, "Liache hivyo hivyo." Wifi yako akaniambia nitoke, kwa kuwa machozi yangu yanapandisha shinikizo.

Wewe ulipokuwa na miaka sita uliniuliza Mungu analala saa ngapi, ukatolewa nje bila chakula. Aliyekwenda kukushtaki ni mimi. Baba hakuwa amelisikia swali lako. Sikuwahi kukwambia. Nisamehe. Naona sasa kwamba lilikuwa swali zuri.

Ni saa nane kasoro dakika tano. Wamempitisha hapa juu ya kitanda cha magurudumu. Alininyooshea kidole kimoja. Mlango umefungwa. Nami nafunga.

Msalimie shemeji, na mwanao mkubwa dereva, na yule mdogo fundi miwani. Umwambie kazi yake naivaa. Mungu unayemuuliza tangu utotoni akujibu kwa upole, akulinde magoti na nyumba. Barua hii sikuirudia kuisahihisha. Ukikuta kosa, liwekee nukta.

Wako akupendaye, jambo ambalo nilipaswa kulisema miaka sitini iliyopita,
Kaka yako.

Nyongeza, kwa penseli ya muuguzi, maana mkwe ameichukua tena kalamu yangu na hasikii akiitwa:

Mlango umefunguliwa saa tisa kasoro dakika kumi. Yule mama mnene ametoa kichwa akauliza, "Nguo za mtoto ziko wapi?" Tukatazamana. Hatuna hata soksi. Wifi yako amevua shali yake mabegani, nami nimevua shati langu la Jumapili, la pamba nyeupe, nimebaki na fulana na koti. Nimemuuliza muuguzi: na mama yake? Amenijibu, akivichukua mikononi, "Mama yake ndiye aliyenituma. Anauliza, mbona mnachelewa?"