Feni Niliyoinyamazisha

Jumatatu, 3 Februari 2025
Joto la leo, jamani! Kompyuta ya Consolata, mhazili wetu, inanguruma kama mashine ya kusaga – nami nataka kuongea na Afra kwenye simu. Consolata alipokwenda chai niliingia kwenye baiosi, mipangilio ya ndani ya mashine, nikashusha kasi ya feni ya prosesa hadi chini kabisa. King'ora cha joto nacho nikakizima. Kimya. Raha! Mimi na mchumba wangu, nusu saa nzima.

Jumatano, 5 Februari
Imejizima mara tatu. Consolata anauliza kulikoni. Nimemwambia ni umeme. Akasema mbona taa zinawaka, Mwalimu Ayman? Nikajifanya nina kipindi.

Alhamisi, 6 Februari
Imejizima tena. Mtihani wa Fizikia wa kidato cha nne umeharibika, kurasa kumi na moja! Mwalimu mkuu, Bi Khuloud, akaja mwenyewe. Akakiona kitambaa cha kufuma ambacho Consolata hufunikia kompyuta, kuzuia vumbi. Basi! Mashine itapumua wapi, akafoka, mbele ya walimu wote. Consolata akakikunja, akaomba radhi, akakitia mkobani. Matundu ya hewa yako nyuma, kitambaa hakiyafikii. Najua. Mimi ndiye fundi wa shule. Nilisimama palepale, nikamwacha alaumiwe. Mwoga mkubwa!

Ijumaa, 7 Februari
Nimewahi kabla ya wote. Baiosi inaonyesha nyuzi tisini na mbili – na haijafanya kazi yoyote! Nimerudisha kasi ya feni, nimewasha king'ora. Haikujizima tena kutwa. Nilidhani nimemwokoa Consolata, kumbe nimemmaliza. Bi Khuloud anamwambia kila mtu: mmeona? Kitambaa kimeondoka, ugonjwa umekwisha. Na mkataba wa Consolata unaisha mwezi huu. Msikitini sikusikia hutuba ilihusu nini.

Jumatatu, 10 Februari
Bi Khuloud anataka ripoti ya fundi, sentensi mbili tu, iingie kwenye faili la Consolata. Bodi ya shule inakutana saa nane kuamua mkataba wake. Nikajibu sawa, mwalimu. Sawa!

Saa sita u nusu. Tarehe nimeandika. Namba ya kompyuta nimeandika. Chanzo cha hitilafu: "joto". Si uongo... Nimefuta.

Consolata ameingia. Ananishukuru kwa kuitengeneza, Mungu anibariki. Anaomba niandike kwamba hakukusudia. Nimemwambia akae. Amekaa mbele yangu, mikono mapajani, anaitazama kalamu. Anadhani ninachoandika hapa kwenye shajara ndiyo ripoti; ripoti yenyewe bado haina chanzo.