Moto Niliouacha Nyakato

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Buswelu tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, lakini ugomvi wake na kuku wangu haujapungua.

Umeuliza utaiagaje nyumba uliyokulia kabla ya kwenda Kanada. Mimi yangu sikujua kuiaga. Kiwanda cha Nyakato kilipouzwa, babu yako alipata kazi Botswana, tukatakiwa kuhama nyumba ya kiwanda. Vyombo vilipokwisha kupakiwa, nikashika ufagio. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Magu kutuaga, akaninyang'anya.

"Unafagia nyayo za wanao? Watarudi kwa njia ipi?"

Akateremsha sufuria na sinia kutoka kwenye mizigo, akasonga ugali kwenye mafiga yangu, akamwita mwanamke aliyekuwa anahamia, tukala naye sato kwenye sinia moja, sakafuni. Nilikula kwa hasira, maana nilishamchukia huyo anayeingia nyumbani mwangu. Tulipoinuka, mama mkwe hakuzima moto. Yule mwanamke akabandika sufuria yake palepale, maji ya kuwaogesha wanawe.

Miaka ilipita, tukarudi. Siku moja nilipita pale nikaona moshi unatoka jikoni. Nilikuja kushtuka nimeshavua kandambili mlangoni kwa watu.

Basi usifagie, mama. Mwachie moto atakayeingia. Na ukishapita huku kutuaga, uwanja wangu sitaufagia, babu yako aseme atakavyo. Hata kuku nitawafungia, wasije wakazichakura nyayo zako.

Bibi yako