Nyuki Watatu Kwenye Kola ya Gauni Jeupe

Ijumaa. Jua la mwezi wa kumi, vumbi, na hakuna hata kawingu ka kutudanganya kwamba mvua inakuja.

Nimekaa kwenye ngazi ya chumba changu hapa Kawajense, sijala tangu asubuhi. Mikono yangu inanuka nta. Nimeiosha mara nne kwa sabuni ya mche na bado inanuka. Hii ni harufu niliyojisifu nayo miezi mitatu, na leo nataka initoke.

Zai yuko hospitali. Uso umevimba mpaka macho hayaonekani.

Na aliyemfikisha pale ni mimi.

Nianze mwanzo, maana nikianza katikati nitajipendelea. Zai ni mbunifu wa mavazi, ana kichumba cha ushonaji nyuma ya duka la mama yake mjini. Mimi natengeneza manukato, yale ya chupa ndogo ambayo wadada hununua kabla ya harusi. Alinijia na wazo lake: anataka nguo zake ziwe na harufu yao, mtu akiingia ukumbini watu wajue ni gauni la Zai kabla hawajageuka kumwangalia. Na iwe harufu isiyotoka, siyo ya kupuliza nyumbani ikaishia mlangoni.

Tulihangaika wiki tatu. Nikampelekea waridi, akakunja pua. Nikampelekea asumini.

"Shosti, hii ni ya Dar hii. Mi nataka ya huku kwetu."

Akaanza kusema labda arudie udi tu, ule ambao bibi yake alikuwa akifukizia nguo. Nikaona kazi inaniponyoka. Mara ya nne nikampelekea kikopo cha nta. Ndani yake niliyeyusha gundi ya nyuki na mafuta ya mchaichai. Zai alinusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Hii ndiyo yenyewe. Umeitoa wapi?"

"Kichwani kwangu," nikamjibu.

Ule ulikuwa uongo wa kwanza. Baba yangu ni mrina asali huko Inyonga. Akichonga mzinga mpya hautundiki mtini hivi hivi. Anaupaka kwa ndani nta, gundi ya nyuki na mchaichai uliopondwa, ili nyuki wanaotafuta makazi wausikie na kuhamia. Nimekulia kwenye harufu hiyo. Kwangu ni harufu ya baba akiwa na furaha, anajiandaa kwenda porini. Nilichofanya ni kuisafisha kidogo, nikaitia kwenye kikopo kizuri na kuiita yangu.

Kilichobaki alikikamilisha Zai, na hapo ndipo nilipompenda kama dada yangu wa tumbo moja. Fundi anayeshona kwa mkono hupitisha uzi kwenye nta ili usikatike wala kujisokota. Zai akasema, kwa nini tusiupitishe kwenye nta yako? Harufu ikae ndani ya mshono. Mwili ukipata joto, itoke. Tuliruka ruka mle chumbani kama watoto waliookota embe. Magauni saba, pindo zote, shanga zote, kifungo hadi kifungo, yameshonwa kwa uzi ule. Kuitoa harufu hiyo sasa ni kufumua kila kitu.

Onyesho la mavazi ni kesho saa tisa. Miaka minane Zai ameshona sare za shule na kubana suruali za watu, na kesho ndiyo mara ya kwanza nguo zenye jina lake zinapanda jukwaani.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Jumatano niliingia kichumbani kumletea Zai kikopo cha mwisho. Alikuwa nje anaongea na mteja. Kwenye kola ya gauni jeupe, lile kubwa la bibi harusi, walikuwa nyuki watatu. Hawakuwa wanaruka ovyo. Walikuwa wanatembea polepole, wanapima. Nimewaona nyuki wa namna hiyo tangu nina miaka mitano. Baba anawaita wapelelezi. Wakija watatu kwenye mzinga leo, baba huwa anarudi nyumbani anapiga mluzi, kwa sababu anajua ukoo mzima uko njiani.

Nilijua. Sitaandika hapa kwamba nilihisi au nilishuku. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

Niliwapunga kwa kitambaa, nikafunga dirisha. Zai aliporudi nikamwambia gauni limependeza.

Jana walikuwa kama ishirini. Zai aliwaona wawili watatu, akacheka, akasema hata wadudu wamejua kuna kitu kizuri. Na mimi nikacheka. Nilicheka! Kichwani nilikuwa nahesabu saa tu: Ijumaa ipite, Jumamosi ipite, halafu nitatafuta namna. Ningemwambia, angefumua. Angefumua, angerudi kwenye udi wa bibi yake, na mimi ningebaki yule yule muuza vichupa. Waliosema mficha uchi hazai walinisema mimi.

Leo saa nne asubuhi wakaja wote.

Sikuwepo, nilikuwa nimetumwa vining'inizio vya nguo. Niliporudi, watu wamejaa nje ya duka na mama yake Zai anapiga kelele. Walisema wingu la nyuki liliingia dirishani na kutua juu ya gauni jeupe. Kundi linalohama huwa halina shari, ukiliacha linakuacha. Lakini Zai ni mtoto wa dukani, nani alishamwambia hayo? Aliona kazi ya miaka minane inafunikwa na wadudu, akakimbia akalikumbatia lile gauni ili alitoe nje.

Alilikumbatia. Hilo ndilo lisilotoka kichwani mwangu.

Pale nje wengine walishaanza kunong'ona kwamba nyuki hawa wametumwa, kuna fundi amemwonea wivu. Na mimi, Mungu anisamehe, niliposikia hivyo nilipumua. Nilifurahi kuna mtu mwingine wa kulaumiwa, hata kama mtu huyo hayupo. Nilichofanya cha maana ni kuwazuia wasiwachome nyuki kwa ufagio wenye mafuta ya taa, na kumpigia baba.

Nilimweleza yote, na mchanganyiko nao. Baba akaniuliza:

"Sasa mama, umewaita mwenyewe, wasije?"

Hakunigomba. Afadhali angenigomba. Aliuliza tu, "Na mwenzio ulimwambia?" Nikasema hapana. Akasema atampigia rafiki yake wa hapa mjini aje na sanduku jua likipoa, awahamishe taratibu, nguo hazitaharibika. Kisha akaongeza, "Ila uzi ule ukiwa na joto, watakuja wengine. Popote pale. Huo ni mwezi wao." Akakata.

Popote pale. Ukumbi una madirisha kumi na mawili, nimeyahesabu mwenyewe tulipokwenda kupanga viti.

Saa nzima imepita tangu Zai anitumie ujumbe wa sauti. Midomo imevimba, maneno yanatoka kama ana kitu mdomoni. Nimeusikiliza mara nyingi kiasi kwamba nimeshaukariri.

"Shosti, nisamehe. Mimi ndo niliacha dirisha wazi asubuhi, kulikuwa na joto. Mama kanigombeza mpaka basi. Daktari anasema nitapona, ila kesho sitoki. Wakishawatoa, onyesho liendelee. Simamia wewe. Nguo zile unazijua kama mimi."

Anaomba msamaha. Mimi! Ananiomba mimi msamaha, na yuko kitandani na uso ule.

Nimejaribu kumjibu kwa sauti mara tatu. Mara ya kwanza nilisema pole. Mara ya pili nilisema usijali, nitasimamia, na sauti yangu ilitoka nzuri sana, ya kirafiki kabisa, mpaka nikajiogopa. Nimefuta. Ya tatu nililia tu, nayo nimeifuta.

Najua mambo yalivyo. Nikinyamaza, kesho wasichana saba watapanda jukwaani wamevaa chambo, na mmoja wao ana miaka kumi na tisa na anaogopa hata sisimizi. Nikisema, onyesho limekufa, magauni yatafumuliwa, mama yake Zai hataniruhusu kukanyaga tena dukani kwake, na Zai... Zai sijui. Sidhani kama mimi ningemsamehe mtu wa hivi. Dirisha na uso atavisahau siku moja. Kwamba nilisimama pembeni yake jana nikacheka naye, hilo atalisahauje?

Nimetafuta njia ya tatu tangu saa nane. Hakuna.

Watu husema lala, kesho nayo ni siku. Mimi kesho yangu naifahamu. Nikilala na jambo hili nitaamka nimeshalishonea uongo unaonikaa vizuri, kwa sababu tangu Jumatano sijafanya kazi nyingine. Kwa hiyo naenda sasa hivi, kwa miguu, nisimpe bodaboda nafasi ya kunifikisha kabla sijajiandaa. Nitamwambia mbele ya mama yake, ili aache kugombezwa kwa ajili ya dirisha.

Haya niliyoandika siyachapishi mpaka Zai ayasikie kwa mdomo wangu. Kama unayasoma, basi nilifika.