Chombo cha Mama Sahara

Hodan, mjukuu wangu,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Garissa ni wazima, alhamdulillahi. Nyanya yako anakohoa kidogo lakini kugomba hajaacha, na Balambala mvua imeanza.

Umeniuliza kwa nini usumbuke kusafisha chanzo cha ayoni, ile sehemu ya mashine yako ya kupimia inayopokea sampuli, kila wiki ilhali mashine bado inasoma. Mimi pia nilisema hivyo, nilipokuwa kijana kwenye maabara ya kupima maziwa.

Kazi ilinizidi, nikaacha usafi wiki mbili. Ndipo mashine ikaonyesha dawa ya mifugo katika maziwa ya ngamia ya Mama Sahara. Nikamwambia mbele ya wauzaji wenzake kwamba anakorogea dawa kwenye chombo cha maziwa. Yakamwagwa mchangani.

Akanitazama. "Mimi chombo yangu naosha, nafukiza moshi kila asubuhi, hata ikiwa safi. Wewe yako je?"

Nilikasirika. Kesho yake nikaifungua mashine kwa hasira zile zile, nikakuta utando wa kahawia, masalia ya sampuli za watu wengine. Nikaufuta kwa methanoli, nikapima tena maziwa yake kidogo ya sampuli yaliyobaki kwenye friji ya maabara. Hayakuwa na dawa yoyote.

Nilipokwenda kumtafuta, nikaambiwa wamehama na ngamia wao kuelekea Wajir. Maneno ya kumwomba radhi ninayo mpaka leo, Hodan, na sina wa kumpa.

Awowe wako