Bia Iliyochacha na Kuni za Fachtna

Kilbrack,
Alhamisi.

Kwako dada yangu Dervla,

Pokea salamu za nyumba nzima, na mvua juu yake, maana hiyo ndiyo tuliyo nayo kwa wingi. Hamjambo huko Leeds, wewe na watoto? Sisi wazima wa mwili. Kifurushi chako kilifika Jumanne, keki ya matunda pamoja na zile sabuni za waridi. Baba alikata kipande palepale, akasema umeipatia kama ya marehemu mama. Kwenye keki nitarudi.

Kwanza nikupe habari iliyoninyima raha. Jumamosi iliyopita, hapa baani kwetu, yalikuwa mashindano ya bia nyeusi, ya wale wanaoipika mabandani kwao, na baba kama kawaida alikuwa jaji mkuu. Philomena Crotty, mwenyekiti mpya wa kamati, akaleta utaratibu wake: majaji watatu wapeane mgongo, kila mmoja aonje na kuandika alama kabla ya kufungua mdomo. Baba alipinga mpaka akawa mwekundu. Alisema bia huonjwa kwa mazungumzo, huu si mtihani wa shule. Nikajiuliza, baba, ambaye mji mzima humsifu kwamba "ulimi wa Con haudanganyi", anaogopa nini?

Kikombe akampa Fachtna Lyne. Mimi nilikuwa naosha glasi, nikaonja masalia. Dervla, bia ile ilikuwa imechacha! Povu lake zuri, zito, limeacha pete kwenye glasi kwa kila funda, lakini ukimeza ni siki tupu. Majaji wenzake waliikataa kabisa, ila neno la mwisho ni la jaji mkuu.

Sasa sikiliza. Siku chache kabla ya hapo, Fachtna alimwaga trela zima la kuni uani kwetu, na nilipomuuliza baba ni za nini, alinijibu nishughulike na glasi zangu. Nikajumlisha mwenyewe: ni rushwa. Kila alipotoka nilimchungulia dirishani. Fachtna akimpungia mkono, nasema moyoni, hao, wanaelewana. Watu nao hawakulala. Mossie wa posta aliingia baa, akanyoosha mikono motoni, akaniambia kwa sauti, "Kuni zenu zinawaka vizuri, Gobnait. Hizi ni za msonobari au za kikombe?" Baa nzima ikaangua kicheko. Baba alikuwa anafuta kaunta, hakuinua kichwa. Nilimchukia siku ile, nakwambia kweli.

Jumapili hii kuna mkutano wa kumvua ujaji. Nilikuwa nimeazimia kusimama mimi mwenyewe nizitaje zile kuni.

Jana ndipo nikaionja keki yako. Usinikasirikie, dada, lakini uliifunga pamoja na sabuni, nayo imeinywa harufu yote. Niliitema kwenye sinki. Na baba alikuwa ameshakula karibu nusu, anaisifu!

Nikamketisha jikoni, nikampa chai niliyoitia chumvi kijiko kizima. Akanywa, akashukuru. Nilipomwambia nilichofanya, ndipo akasema tangu ile homa ya Februari hasikii ladha wala harufu ya kitu chochote. Bia anazipima kwa pete za povu na kwa nyuso za wenzake. Safari hii nyuso alinyimwa, akafuata povu. Kuni alizinunua kwa pesa yake, akanificha kwa kuwa nilishamwambia tubane matumizi.

Nikamsihi tuwaeleze watu, jina lake lisafike. Akanishika mkono. "Mla rushwa wanamsamehe, mwanangu, mwakani wanamtania tu. Lakini niambiwe 'pole, Con' kila nikimimina bia, mpaka nife? Sitaki. Bora waniseme." Nikalia, maana wa kwanza kumsema nilikuwa mimi.

Kwa hiyo Jumapili nitakaa kando yake, nimefunga mdomo, wamvue. Nawe siri hii ikufie moyoni, nakuomba.

Wabusu watoto kwa niaba yetu. Baba anakusalimu sana. Yuko hapa mezani, anamalizia keki. Anasema ni tamu kweli, utume nyingine. Amenikatia na mimi kipande. Naila.

Ni mimi mdogo wako,
Gobnait