Maji Kwenye Migomba Yako

Kaka Anaeli, shikamoo.

Najua hutaitika, lakini sina namna nyingine ya kuanza kuongea na wewe. Ulikuwa unaivuta ile marahaba yako mpaka mtu anachoka kusubiri, halafu unaniuliza, "Kitinda, umekula?" Kitinda, mtu mzima nina miaka thelathini na nane. Basi nimekula. Nimekula loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, iliyobaki jana, nimekaa hapa kwenye meza yako, dirisha liko wazi, na nataka nikueleze mambo ambayo sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Nianze na lile linaloniuma. Jumanne ile nilikuwa chumbani kwangu Olasiti, nashona sare za shule. Nikashika simu nikaangalia jina lako. Ikaonyesha umeonekana mtandaoni saa mbili asubuhi. Nikasema aah, yupo, mzima huyo. Nikaiweka simu nikaendelea na cherehani. Sikupiga. Tangu wifi afariki nilikuwa nakujulia hali hivyo hivyo, kwa kuchungulia tu, na nilijiona ndugu mwema kweli kweli. Jumamosi ndiyo walivunja mlango wako. Daktari alisema ni moyo, na kwamba inaelekea ulikwenda siku ile ile ya Jumanne.

Siku nne, Kaka. Kwenye kijiji ambacho ukinunua ndoo mpya, kabla hujafika nyumbani watu wanajua rangi yake. Pale msibani nikawa nauliza, imekuwaje? Na kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: tulikuwa tunapita, tunaona migomba yake ina maji, tukajua mwenyewe yupo.

Na kweli ilikuwa na maji. Baba Samweli, jirani yako wa huku juu, ndiye aliyekuwa anakufungulia mfereji. Ulimwomba mwenyewe: mgongo unanisumbua, zamu yangu ikifika wewe nifungulie tu. Naye kwa wema wake alifungua Jumanne, akafungua na Ijumaa, akaziba kwa tope na jembe lake, akaenda zake. Maji yakapita chini ya dirisha lako, na wewe uko ndani. Ng'ombe ulishamuuza. Angekuwepo angelia kwa njaa na mtu angesikia. Mfereji ndicho kitu cha mwisho kilichokuwa kinakutoa nje mara mbili kwa wiki, na ulimpa mtu mwingine.

Nilikukasirikia sana. Sasa hivi sina haki hiyo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Baada ya kukuzika huku chini ya shamba, ndugu walisema nyumba isikae tupu. Mimi sina mume wala mtoto, cherehani yangu inabebeka, basi ikawa mimi. Wamama wa kanisani walilala na mimi mpaka tanga likaisha, wakapika, wakaimba, wakafua mapazia. Halafu kila mmoja akarudi kwake, na kukawa kimya. Cherehani niliifunika kanga nikasema nitaanza Jumatatu. Jumatatu zilipita nyingi.

Kilichoanza ni simu. Naona aibu kukuambia. Niliogopa kwamba kuna mtu mwingine amelala mahali hajulikani, na mimi nitakuwa wa mwisho kujua tena. Kwa hiyo asubuhi nikiamka naanza juu ya orodha nashuka chini: shangazi, yule mpwa wetu wa Nduruma, wateja wangu wa Olasiti mmoja mmoja, hadi fundi aliyepiga bati la jiko lako. Huyu ameonekana lini? Na huyu? Asiyeonekana tangu jana, namrudia huyo huyo mpaka aonekane. Nikifika mwisho wa orodha naanza upya, maana wa kwanza labda ameshakufa nikiwa nawaangalia wa katikati. Chai inapoa, uji unaungua. Na katika watu wote hao sikumpigia hata mmoja. Niliogopa watapokea, tutaanza kuongea.

Watu walikuja mwanzoni. Nikisikia hodi nakaa kimya mpaka waondoke. Mama Samweli aliniachia ndizi mlangoni mara mbili, ya tatu hakuja.

Halafu jua la asubuhi likawa linapiga kwenye kioo cha simu, sioni vizuri. Nikalisukuma lile kabati lako la nguo lizibe dirisha. Kabati zito lile, lakini lilikwenda kirahisi mno, kwa sababu sakafuni palikuwa tayari na mikwaruzo miwili, na miguu yake ilifuata mikwaruzo hiyo mpaka ukutani. Nilisimama pale nikaitazama. Wewe ulishalisukuma kabla yangu. Waliolivuta ni wale wamama, siku ya kufua mapazia, na hawakuniambia. Unafikiri nililirudisha? Nilikaa kwenye kiti chako nikaendelea na orodha.

Baba Samweli alinikuta uani siku moja natupa takataka. Alitazama miguu yangu, nadhani nilikuwa nimekonda, akasema kwa upole, "Mwanangu, usihangaike na tope. Hii zamu niachie mimi, kama nilivyokuwa namfanyia kaka yako." Nikamwambia asante baba. Kaka, sikuona chochote. Nilifurahi kabisa, nikafunga mlango, makomeo yote mawili. Maana mlango wako mpya nilimwambia seremala auwekee makomeo mawili, yote ya ndani.

Ikaenda hivyo wiki mbili, labda tatu. Kisha Ijumaa moja, saa moja asubuhi, niko kwenye kiti, kabati limeziba dirisha, nimefika kwenye jina la shangazi kwa mara ya nne. Nikasikia maji. Yalikuja taratibu chini ya dirisha, yakaingia kwenye migomba, unajua yanavyonong'ona yakikutana na majani makavu. Nikanyanyua kichwa. Sikuwa nimeyafungua mimi. Mtu yeyote anayepita njiani sasa hivi, nikawaza, anaona shamba limelowa anasema, Rehema yupo. Na siku ile ya Ijumaa yako sauti hii ilipita hapa hapa, kwenye chumba hiki hiki, na hapakuwa na wa kuisikia.

Nilitaka kuinuka, lakini kwa muda, Kaka, nakuambia ukweli, niliona ni afadhali kubaki. Kiti kilikuwa na joto, maji yalikuwa yanaendelea yenyewe, hakuna aliyenihitaji kwa lolote. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo, kwamba palikuwa pazuri.

Nilitoka na kandambili moja. Baba Samweli alikuwa bado mferejini, ameegemea jembe. Hata shikamoo sikumpa. Nilimwambia, "Baba, usinifungulie tena. Ukikuta zamu yangu imefika na mfereji umefungwa, usiuguse. Njoo ubishe mlango."

Alikataa. Tena alichukia. Unamjua: kwake kuacha migomba ya jirani ikauke na maji yanapita ni tusi. Akasema watu watanionaje, mtoto wa watu amefiwa na mimi namnyima maji. Nikamwambia, "Kaka yangu alikufa migomba yake ikiwa imeshiba." Nilijuta hapo hapo. Mzee yule alikaa chini kwenye nyasi mbichi akafunika uso kwa kofia yake. Kumbe naye alikuwa anaibeba lawama hiyo peke yake muda wote huo. Alipoinuka alinikabidhi jembe, akasema, "Ziba basi, ni yako." Nikaziba vibaya, maji yakamwagika njia nzima, akacheka kidogo.

Sasa sikiliza siku yangu ilivyo, usinicheke. Saa kumi na mbili naamka. Jumanne na Ijumaa naenda mferejini, siku nyingine nakata majani, kwa sababu Baba Samweli ameniwekea ng'ombe wake, mtamba, nimtunze. Nilimwomba mwenyewe. Nilitaka kiumbe kitakachopiga kelele nisipoamka. Simu inakaa ndani ya debe la unga mpaka saa kumi jioni, na nikiitoa nampigia mtu mmoja, mmoja tu, kwa sauti. Wanapokea kwa hofu: kuna msiba? Nawaambia hakuna, nimekusalimia tu. Mpwa wetu aliniuliza mara tatu kama nina uhakika. Kabati limerudi mahali pake, na komeo moja nimeling'oa. Cherehani inafanya kazi, namshonea Mama Samweli kitenge, na ameshakilalamikia mabega kabla sijamaliza.

Usidhani nimepona. Kuna siku naingiza mkono kwenye unga saa tatu asubuhi na kuutoa mweupe, bila kitu. Kuna siku napita mbele ya kiti chako nakikwepa.

Na Ijumaa iliyopita sikuamka. Sikuwa mgonjwa. Nilifumbua macho, mlima umefunikwa na wingu mpaka chini, na nikaona sina sababu ya kuweka mguu sakafuni. Mtamba akalia, nikamsikia, nikamwacha alie. Nikalala nasikiliza maji. Hayakuja. Badala yake nikasikia hatua, pole pole, zikishuka kutoka juu. Zikafika mlangoni, zikasimama muda mrefu. Nadhani alikuwa anaogopa kunyanyua mkono.

Kisha akabisha. "Rehema." Nikanyamaza. Akabisha tena, kwa mpini wa jembe, "Rehema, mwanangu." Sauti yake ilikuwa imeshakatika. Nikanyamaza bado. Nisamehe, Kaka, nilitaka kusikia mtu akibisha mara ya tatu kwenye mlango huu. Wewe hukupata hata moja, na mmojawapo wa waliopaswa kuja ni mimi.

Ya tatu ilipokuja nikasema, "Nipo, baba."

Akakaa kwenye ngazi, sikumwona lakini nilisikia alivyoshusha pumzi. Baada ya kitambo akasema, kwa hasira kabisa, "Amka basi. Maji yako yanachukuliwa na watu wa chini."

Niliamka.

Lala salama, kaka yangu. Sitakuangalia tena kwenye ile orodha, jina lako nimelifuta jana, na nililia. Nakuahidi hili: Jumanne nitafungua mimi, kwa mkono wangu, na Ijumaa, na Jumanne nyingine. Tawi letu la mfereji linamalizikia pale kaburini kwako. Maji yakikufikia, ujue Kitinda ameamka. Yasipokufikia, ujue kuna mtu anabisha mlango.

Mdogo wako,
Rehema